Niliweka SSD kwa computer ya marehemu baba huko Gatuanyaga, sasa naogopa kuichomeka tena

Wakuu, habari za mchana. Wasee wa Thika Road wote, niaje.

Kila wiki hapa jukwaani mtu anauliza kama kubadilisha hard disk ya zamani uweke SSD ni worth it ama ni kupoteza pesa. Na kila wiki majibu ni yale yale: inawaka haraka, haipigi kelele, computer ya kitambo inakuwa mpya.

Yote ni ukweli. Mimi nimefanya, na jibu langu nitalitoa mwisho. Lakini kuna mambo yalitokea baada ya kuiweka, na sijaongeza chumvi hata kidogo. Mtakaosema ni hekaya, sawa tu. Mimi mwenyewe ningekuwa nasoma hii nikiwa kwa kiti chenu ningesema hivyo.

Admin, kama hii si section yake, ihamishe, usiifute.

Mimi naishi Kiuu, Ruiru, na nafanya kazi kwa yadi ya mbao hapo hapo Ruiru. Wazazi wangu walihamia Gatuanyaga baba alipostaafu. Kwa wasiojua, ni ile pande ya mashariki ya Thika, kavu kavu, vumbi nyekundu, mbuzi na miiba. Mzee alikuwa storekeeper wa kiwanda Thika maisha yake yote. Alipotoka akanunua mbuzi kadhaa na desktop moja ya second hand.

Hiyo desktop aliipenda kuliko mbuzi. Alikuwa anarekodi kwaya ya kanisa, ana microphone yake ndogo ameifunga soksi juu ndio upepo usisikike. Ukipita sebuleni unamkuta na headphones anachapa meza kidogo kidogo na kidole, anafuata bass.

Mwaka jana akaambiwa moyo unahitaji operesheni. Akaingia theatre, akatoka, akakaa ICU kidogo, akatuacha. Hatukuwa tumejipanga. Yeye mwenyewe alikuwa ameongea na mtu wa kumletea tangi la maji akirudi.

Mum akabaki peke yake kwa ile nyumba. Dada yangu Wambui, ndiye first born, yuko nje anafanya kazi Qatar. Kwa hivyo ni mimi nilikuwa naenda, karibu kila weekend.

Weekend moja tumekula mchana, tumekaa sebuleni, mlango uko wazi, jua kali mpaka kuku wamejificha chini ya pickup ya jirani. Ghafla computer kwa kona ikaanza kunguruma yenyewe. Hakuna mtu ameigusa.

Mnajua ile sauti ya hard disk imechoka? Inakwaruza kama mtu anatafuta kitu kwa droo ya misumari. Screen ikabaki nyeusi, lakini CPU inanguruma, inatulia, inanguruma.

Nikamwangalia mum. Yeye hata hakushtuka. Akainuka, akaweka mkono juu ya CPU vile unaweza kuweka kwa mgongo wa mtoto mwenye homa.

“Ni baba yenu,” akasema. “Huwa anakuja saa hii, akitoka kwa mbuzi.”

(Sisi nyumbani tunaongea Kikuyu, hapa naweka Kiswahili ndio kila mtu aelewe.)

Akaiacha ikakwaruza dakika chache, kisha akazima kwa socket. Nikamuuliza mbona anazima. Akasema, “Tokens za stima zinaisha. Akishanisalimia anaenda. Kesho asubuhi nitaiwasha tena.”

Nilicheka, lakini si cheko ya ndani. Nikamwambia mum computer inaweza kuamka yenyewe kutoka sleep, ni setting tu. Akanijibu “sawa” ile ya wazazi wetu, yenye maana ya kwamba umeongea na hujasikizwa.

Anyway. Mum alikuwa anaitumia kuongea na Wambui kwa video na kuangalia picha, na ilikuwa inachukua muda mpaka unaenda kuchota maji, unarudi, bado ile duara inazunguka. Nikaamua hiyo ndio kitu naweza mfanyia. Nikaibeba mpaka Kahawa Wendani, kuna fundi wangu huko karibu na hostels za wanafunzi, dada mmoja anaitwa Shiko. Anajua kazi na hana maneno mengi.

Shiko akasikiliza ile disk akakunja uso. “Hii imebakisha pumzi kidogo sana. Tuifanyie clone kwa SSD sai, kila kitu kitahama vile kiko, mum hataona tofauti.”

Nilipoenda kuichukua, akaniwashia. Wakuu. Kabla sijamaliza kuweka simu kwa mfuko, desktop imefunguka, picha ya kwaya hiyo hapo. Na kimya. Hakuna hata mlio.

Shiko akaniambia, “Kuna kitu mzee alikuwa ameset iamshe computer kila siku mchana, ifungue program fulani. Nitoe?”

Nikakumbuka mkono wa mum juu ya CPU. Nikasema wacha, ameizoea. Akanipea ile disk ya zamani kwa bahasha, nikaenda.

Jumamosi nikairudisha Gatuanyaga. Mum akaishika juu na pande zote, akasema, “Haisemi tena.” Nikamwambia ndio, mum, sasa ni mpya. Hakufurahi. Alikaa mbali nayo kama mgeni amekuja bila kubisha.

Tukakula. Mimi nilikuwa kwa sofa na kikombe cha chai, mum anachagua maharagwe kwa sinia.

Screen ikawaka. Bila sauti, bila onyo, mwanga tu ukaingia pale kona.

Halafu kwa speaker mtu akakohoa.

Nilijua hicho kikohozi kabla akili yangu haijakubali. Kiti kikatoa mlio kidogo, kama mtu amesogea mbele. Na baba yangu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwita mum, mama wa Wambui, akiwa jikoni:

“Nyina wa Wambui.”

Kimya.

Mum akajibu, mikono bado iko kwa maharagwe. “Ĩi.”

“Umekula?”

Kimya kingine. “Nimekula.”

“Na dawa?”

Mum hakujibu. Sauti pia ikanyamaza, muda mrefu, unasikia tu pumzi yake, kama amemkazia macho. Kisha, “Usinidanganye.” Akacheka ile cheko yake ya puani, na screen ikazima.

Chai ilikuwa imenimwagikia kwa goti na sikuwa nimehisi.

Mum aliendelea kuchagua maharagwe. Akasema, “Si nilikuambia?”

Nikasimama nikaifungua hiyo computer. Kulikuwa na folder ndani ya zile za kwaya, imeandikwa MAMA WAMBUI, imejaa recordings. Nikaelewa polepole. Mum ana pressure na amezoea kusahau dawa. Mzee, akijua ataenda hospitali akae wiki kadhaa, alirekodi sauti ya kumkumbusha, akaipanga icheze kila mchana, moja tofauti na ya jana. Zile siku za mwisho alikuwa anajifungia sebuleni akisema anamaliza nyimbo za Pasaka. Kumbe alikuwa anaongea na mum.

Na kwa nini hatukuwahi kuisikia? Kwa sababu ile disk ilikuwa imechoka. Inaamka, inakwaruza, inatafuta, na kabla haijafikia sauti mum amezima socket. Mwaka mzima mzee alikuwa karibu kuongea na anazimwa.

Zile pause nazo si muujiza. Umekaa na mtu miaka hiyo yote, unajua atajibu nini na atachukua muda gani kujibu. Nilijiambia hivyo. Lakini wakuu, kusikia marehemu akingoja jibu, na jibu likija, yeye anaendelea, hiyo kitu haijakaa poa mwilini.

Nilifungua mbili tu. Ya pili alikuwa anasema, “Nitarudi tu. Usiuze ile mbuzi nyeupe.” Tulikuwa tumeiuza kulipia matanga yake. Nikafunga.

Nikamwambia mum nataka kuitoa hiyo setting. Alisimama kati yangu na computer. Mum wangu ni mtu mdogo, ananifikia kwa kifua.

“Kariuki, ulimzika mara moja. Usimzike mara mbili.”

Nikapigia Wambui. Alilia, kisha akasema niache, kama inampa mum amani mimi ninakataza kama nani? Nikaacha. Nikarudi Ruiru.

Sasa hapa ndio mambo yalianza kuharibika.

Jirani ya mum anaitwa Mama Mutua, mama Mkamba mpole, shamba zao zimetenganishwa na ua wa michongoma. Baada ya muda akanipigia simu.

“Kariuki, mama yako hatoki siku hizi. Kanisani hayuko, kikundi cha akina mama hayuko. Mbuzi zinalia mpaka ni mimi naenda kuzifungulia. Na ukipita mchana unamsikia anacheka na mtu.”

Nikaenda. Mum alikuwa amekonda. Mezani vikombe viwili, kimoja kimenywewa, kingine kimefunga utando juu. Na dirisha la sebuleni, lile limekuwa na kutu tangu wahamie, limepakwa rangi mpya ya kijani. Rangi iko mpaka kwa kioo, na kwa mikono ya mum.

“Amesema akirudi apate limepakwa,” akaniambia.

Nilijaribu kuongea na yeye pole pole. Nikamwambia mum, hizo ni maneno alisema kabla. Kabla ya operesheni. Alikuwa anamaanisha kurudi kutoka hospitali.

“Najua ni za kabla,” akasema. “Mimi si mjinga. Lakini amesema atarudi, na hajawahi kuniambia uongo.”

Nikamuuliza dawa. Akasema anakunywa. Nilienda nikaangalia kwa kabati, pakiti ina vumbi juu. Nilipomwonyesha hiyo pakiti akaangalia pembeni. “Baba yako ndiye alikuwa ananitolea kwa hiyo karatasi, ananipa na maji. Nitangoja anitolee.”

Nilimpa moja siku hiyo na nikamsimamia akameza. Tukapanga na Wambui kwamba weekend inayofuata tunamleta mum kwangu Kiuu, atake asitake, aonwe na daktari. Ilikuwa siku chache tu. Nilidhani siku chache si kitu.

Katikati ya wiki niko yadi, saw inapiga kelele, simu ikaita. Mama Mutua. Anaongea haraka mpaka Kiswahili na Kikamba zimechanganyika.

Alikuwa amempata mum nje, kwa gate ya barabarani, amekaa juu ya jiwe. Amevaa suti yake ya kanisa, ile ya bluu, kitambaa kichwani, handbag kwa mapaja. Ameegemea nguzo. Alipomsalimia, mum akajibu maneno hayaeleweki, na mdomo umeenda upande mmoja.

Yule jirani mwenye pickup akawabeba mpaka hospitali Thika. Mimi nilifika sijui vipi. Nakumbuka tu vumbi la mbao kwa mikono yangu nikijaribu kushika kitanda.

Daktari akasema ni stroke, lakini wameiwahi. Pressure ilikuwa imepanda mahali hapasemeki. Akaniambia kitu sijawahi sahau: kama angekuwa amelala ndani ya nyumba, kwa vile anaishi peke yake, tungemkuta jioni ama kesho yake, na tungekuwa tunaongea mambo mengine. Kilichomwokoa ni kukaa barabarani mahali watu wanapita.

Siku ya tatu hivi mum akaanza kuongea vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzito, na nilikuwa nimeushika. Nikamuuliza, mum, ulikuwa unaenda wapi siku hiyo?

“Sikuwa naenda. Nilikuwa naumwa na kichwa, nikalala sofa. Baba yako akaniita. Akasema, ‘Nyina wa Wambui, amka. Vaa vizuri, chukua kitambulisho, ningojee kwa gate.’ Nikamwambia nimechoka. Akasema, ‘Amka sasa.’ Hakuwahi kunipandishia sauti. Siku hiyo alipandisha.”

Nikafikiri, sawa. Ni recording ya clinic. Mzee alimwekea ya siku ya clinic, kitambulisho na kila kitu. Inaeleweka.

Na Mama Mutua pia aliisikia. Aliniambia bila kumuuliza, tukiwa kwa bench pale nje ya ward. Alikuwa anakata nyasi za ng’ombe karibu na ule ua, akasikia mwanaume anaongea kwa nyumba ya mum kwa nguvu, Kikuyu, akafikiri ni mimi nimefika nagombana na mama. Ndio maana alienda kuangalia.

Sasa nisikizeni vizuri.

Mum alipotoka hospitali nikamleta Kiuu. Nilienda Gatuanyaga nikabeba CPU, nikaipeleka Wendani. Nilitaka kuokoa zile sauti zote, niweke kwa flash, nitumie Wambui. Tukakaa na Shiko kwa duka lake, mchana kweupe, wanafunzi wanapita nje na chapati, tukasikiza kila recording moja baada ya nyingine. Za dawa. Za mbuzi. Ya dirisha. Moja anaimba bass peke yake, anasahau maneno, anajicheka. Shiko alitoka nje mara moja akarudi macho mekundu, akasingizia vumbi.

Tukamaliza zote.

Hakuna ya gate.

Hakuna ya kitambulisho. Hakuna mahali mzee amesema amka. Hakuna moja amepandisha sauti.

Tukachomeka ile disk ya zamani, labda clone iliacha kitu. Ilikwaruza ikafunguka. Folder ni ile ile, sauti ni zile zile.

Shiko akasema angalau tuone computer ilicheza gani siku hiyo, kuna mahali inaandika kila wakati inapoamka. Akatafuta. Siku iliyotangulia iliamka. Siku hiyo ya mum, hakuna kitu. Haikuwaka kabisa.

Nikapigia Mama Mutua hapo hapo. Nikamuuliza kama kuna kitu kilifanyika na stima siku ile.

“Wewe nawe,” akasema. “Stima si ilikuwa imepotea kutoka asubuhi. Hata simu nilikupigia ikiwa karibu kuzima.”

Shiko alitoa mkono kwa mouse. Kisha akafunga CPU, akakaza screws, na akakataa nimlipe.

Nimefikiria hii kitu kila upande. Mum alikuwa na pressure juu sana, mtu kwa hiyo hali anaweza kusikia chochote. Ni kweli. Mama Mutua naye labda alisikia redio ya bodaboda inapita, akaunganisha baadaye. Inawezekana. Ukiziweka moja moja, kila kitu kina maelezo. Ukiziweka pamoja, mimi nashindwa kulala sawasawa.

Nilimwambia mum tumekosa hiyo recording. Nilidhani atashtuka. Alikuwa anafinya ule mpira wa mazoezi wa mkono, na hakuacha kufinya.

“Unatafuta nini? Niliambiwa ningojee kwa gate. Nikangojea, na mkanijia.”

Basi.

Turudi kwa swali la jukwaa. Je, SSD ni worth it? Ndio. Kama una computer ya kitambo, kabla ufikirie kununua ingine, badilisha disk kwanza. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Na kama disk yako inakwaruza, usingoje, kopi vitu vyako leo.

Lakini kama hiyo computer ilikuwa ya mtu ameenda, usiharakishe kama mimi. Kaa chini ufungue folder zake polepole wewe mwenyewe, kabla mama yako azisikie ghafla mchana akiwa peke yake. Na ukienda kuona mzazi, wacha kukagua machine. Fungua kabati, angalia dawa. Mimi nilijivunia kumwekea SSD na pakiti ilikuwa na vumbi.

Sasa nawaomba msaada, na hii ndio sababu nimeandika. Mum amepata nguvu, anataka kurudi kwake wiki ijayo. Wambui amelipia mtu wa kukaa na yeye, hiyo imeisha. Lakini mum anataka pia computer irudi pale kona yake, na ile setting ibaki vile baba aliiacha. Nikikataa nitakuwa namnyang’anya sauti ya bwanake. Nikikubali, sijui nampelekea nini.

CPU iko hapa chini ya meza yangu Kiuu, haijachomekwa kwa chochote. Mchana ukifika huwa natafuta sababu ya kutoka nje.

Wale wa IT, wale wa maombi, wale mmefiwa, semeni. Mngekuwa ni nyinyi, mngeichomeka?